Gololi

Baiskeli yangu imelala chali, Pasua,
matairi juu kama mbuzi anayengoja kisu.
Fundi Aminieli ameshaitoa ekseli ya nyuma.
Gololi anaziokota moja moja, vidole vimejaa grisi,
anaziangusha kwenye kopo la maziwa ya unga.
Ti. Ti. Ti.
Amekiona kidole changu, wino haujaisha.
"Mwalimu, hivi na wenzetu huchovya?"

Wengine huchovya, namwambia, wengine hawachovyi.
Wafaransa hupiga kura; akikosekana wa zaidi ya nusu
hupoa wiki mbili, wawili wa juu warudi uwanjani.
"Penalti," anasema, bila kuinua kichwa.
Ireland huandika namba kwenye karatasi:
huyu wa kwanza wangu, huyu wa pili,
yule akishindikana, basi huyu.
"Hao wanaposa. Dada akikataa, wanamtaja mdogo wake."

Afrika Kusini raia hupeleka wabunge,
na wabunge ndio wanaomtoa rais.
Hapo spana inasimama.
"Yaani nimpe mtu hela ya nyama,
halafu kipande achague yeye?"
Anafikiri. Anaifuta spana kwenye suruali.
"Inategemea nimemtuma nani."

Marekani, nasema, waweza kupigiwa kura nyingi
na kiti akakalia mwingine.
"Imeshatokea?"
Zaidi ya mara moja.
Anaipuliza ekseli kwa nguvu, vumbi linatuingia machoni.

Na Wakenya, hapo tu ukivuka Holili:
nusu ya kura na ziada,
tena robo ya kura kwenye kaunti zisizopungua nusu,
asije mtu akaitawala nchi kwa kura za kijijini kwao.
"Shemeji yangu yuko Taveta, miaka kumi na sita,
hajawahi kuniambia hilo.
Sisi tunaongea bei ya vitunguu."

Kwetu anajua mwenyewe: aliyewazidi wenzake,
hata kwa moja, kapita.
Akauliza habari za Roma, ingawa yeye ni wa Usharika,
nikamwambia Papa si rais wa kupigiwa kampeni,
makadinali hujifungia, wakielewana
watu huambiwa kwa moshi.
"Kumbe ni wa huku huku,"
akacheka peke yake hadi akakohoa.

Gambia niliiweka ya mwisho.
Miaka na miaka, nikasema, walipiga kura kwa gololi.
Kila mgombea na pipa lake, limepakwa rangi yake,
juu mrija, ndani kengele.
Gololi hupita, hugonga mara moja,
kisha hulala kimya kwenye maranda.
Ikilia mara mbili, walio nje wamesikia.
Na siku hiyo baiskeli hazikuruhusiwa kusogea karibu,
kengele zake zisije zikahesabiwa.

Hakusema kitu.
Akafungua kengele ya baiskeli yangu,
akaitumbukiza koponi, akaachia gololi moja kutoka juu.
Ngli!
Mama Ndeshi wa ndizi za kuchoma akageuka,
kijana wa bodaboda akageuka,
mbwa naye.

"Yako ililia, Mwalimu?"

Nikaikumbuka: karatasi iliyokunjwa mara mbili
ikiteleza kwenye sanduku
kama jani la mgomba likiangukia majani mengine.
Nilisimama pale sekunde kadhaa
nikisikiliza nini, sijui,
hadi karani akaniambia, mama, umeshamaliza.

Aminieli anazirudisha gololi kwenye grisi,
anazihesabu kwa midomo.
Anazihesabu tena.
"Nane. Zilikuwa tisa."
Si itazunguka tu?
"Itazunguka. Hata mwezi itazunguka.
Ila ekseli inaliwa ndani kwa ndani,
na hutajua
mpaka siku unayopanda nayo Kibosho."

Jua limeshashuka nyuma ya paa la mashine ya kusaga.
Tumepiga magoti wote wawili,
tunapapasa vumbi.